Miaka mitano ya kusubiri, dakika 36 za kukumbatiana

Jumapili ya tarehe 3 Mei 2015 nilimdanganya mama yangu kwamba nawahi misa ya kwanza. Shati la kanisani nimevaa, viatu nimepiga kiwi, na ile elfu moja ya sadaka aliyonipa nimeweka mfukoni. Nilipofika kona ya kwanza nikakata kushoto badala ya kulia, nikaenda zangu kibanda umiza kucheki pambano la ngumi la Floyd Mayweather wa Marekani na Manny Pacquiao wa Ufilipino.

Wanaofuatilia masumbwi huku kwetu wanaijua hii tabu. Las Vegas ikiwa Jumamosi usiku mnene, huku jua lishatoka na wamama wa vitumbua wako barabarani, kwaiyo pambano la tarehe 2 Mei sisi tuliliona tarehe 3 kumekucha kabisa. Nafika saa kumi na mbili kasoro nakuta benchi zote zimejaa, watu wamekaa mpaka chini mbele ya TV, wengine wamelala hapohapo toka usiku ili wasikose nafasi. Mpira wa Ulaya pale ilikuwa mia tano. Siku ile elfu mbili, na hamna aliyebisha. Na Marekani kwenyewe walikuwa wanalipa karibu dola 100 kuona nyumbani kwao kwa picha ya HD, ambayo kwa hela ya wakati ule ni kama laki mbili, kwaiyo sisi tulijiona wajanja sana.

Sadaka ya mama ikaongezewa elfu moja yangu, nikaingia. Mungu anisamehe.

Muda ukafika, pambano halianzi. Tukaoneshwa watu maarufu wamekaa, tukaoneshwa tena, mara matangazo, mara wachambuzi. Watu wakaanza kumtukana mwenye kibanda kwamba king'amuzi chake kibovu, mwingine anasema huyu kalipia kifurushi cha shilingi ngapi huyu, jamaa wa watu kapanda mpaka juu ya bati kuzungusha dishi. Tulikuja kujua baadaye kwamba tatizo lilikuwa hukohuko Marekani, wateja walikuwa wengi mno wanalipia dakika za mwisho, mitambo ya makampuni ya kebo ikazidiwa, ikabidi mabondia wasubirishwe vyumbani. Mwenye kibanda hakuombwa radhi na mtu hadi leo.

Sa ngoja niwarudishe nyuma kidogo, maana ukiitazama siku ile peke yake huwezi kuelewa kwa nini watu wazima walikaribia kulia.

Hili pambano lilitakiwa kupigwa Machi 2010. Pacquiao alikuwa ametoka kumtwanga Miguel Cotto Novemba 2009, alikuwa anapanda uzito baada ya uzito anakula watu tu, na Mayweather alikuwa amerudi kutoka kwenye kustaafu kwake (moja ya kustaafu kwake, alistaafu mara nyingi yule). Mmoja ana miaka 30, mwingine 32. Wote wamoto. Kambi ya Mayweather ikataka vipimo vya damu vya mtindo wa Olimpiki, vya kushtukiza, kambi ya Pacquiao ikasema sawa ila damu isichukuliwe karibu na siku ya pambano, wakavutana kuhusu siku, maneno yakawa mengi, Pacquiao akafungua kesi ya kuchafuliwa jina, basi likafa.

Pacquiao ile tarehe yake ya 13 Machi akampa Mghana, Joshua Clottey, kwenye ule uwanja mkubwa wa timu ya Dallas Cowboys kule Texas, watu zaidi ya elfu 50, na Clottey akaamua kuinua mikono usoni akakaa hivyo raundi zote 12 kama mtu aliyejificha mvua chini ya kibaraza. Nalo lile lilikuwa la kuboa haswa ila watu wamelisahau. Uo uwanja ukumbukeni, tutarudi nao.

Kuanzia hapo kila mwaka ni stori ileile. Mara wanaongea, mara hawaongei, mara huyu kasema vile. Mayweather akaenda jela miezi miwili mwaka 2012 kwa kumpiga mzazi mwenzie. Pacquiao mwaka huohuo akapoteza kwa pointi kwa Timothy Bradley, pointi ambazo mpaka kesho sizielewi, afu Desemba Juan Manuel Marquez akamlaza na ngumi moja ya kulia, sekunde ya mwisho ya raundi ya sita, akaanguka kifudifudi hajitikisi. Mi nilidhani kafa. Siku ile nilisema basi, ile mechi ya Mayweather imeshaisha utamu, hata wakipigana haina maana.

Nilisema hivyo kwa mdomo wangu. Miaka miwili na nusu baadaye nikaiba sadaka.

Na jinsi lilivyokuja kufufuka unaweza ukacheka. Mapromota, mawakili na televisheni kubwa mbili zenye mikataba na hawa watu zilishindwa miaka yote hiyo, afu inakuja kusikika kwamba mtu aliyesaidia kumkutanisha kocha wa Pacquiao, Freddie Roach, na bosi wa televisheni ya CBS ni mhudumu wa mgahawa wa Los Angeles, mtu wa kupeleka sahani mezani! Baadaye akaenda mahakamani kudai chake. Afu Januari 2015 Pacquiao yuko Miami, alienda kuwa jaji wa mashindano ya Miss Universe, ndege yake ikaahirishwa kwa sababu ya dhoruba, akaamua kwenda kuangalia basketi ya Miami Heat, na nani amekaa upande wa pili wa uwanja? Floyd. Wakapeana namba pale mbele ya kamera. Hiyo video mtaani kwetu iliangaliwa kwenye simu moja mpaka ikaisha chaji.

Makubaliano ya kugawana hela yakawa 60 za Mayweather kwa 40 za Pacquiao. Tiketi za kuuziwa watu wa kawaida hazikufika elfu moja na ziliisha kwa kama dakika moja, nyingine zote zilishagawanwa na wakubwa. Hata kupima uzito walikata tiketi, dola 10, watu zaidi ya elfu 11 wakaenda kuangalia wanaume wawili wanapanda kwenye mizani. Ukiona watu wanalipia mizani ujue akili zimeshahama.

Haya, turudi kibandani.

Anaingia Pacquiao, anatabasamu, anapiga selfi na kocha wake njiani kama mtu aliyealikwa harusi. Kibanda kizima kinashangilia, maana pale tulikuwa timu Pacquiao karibu wote, mtu mfupi, katoka umaskini, anasali. Upande wa Mayweather kulikuwa na fundi viatu mmoja tu ambaye nilikuwa nimewekeana naye elfu kumi, na baba yangu mdogo, ambaye zamani aliwahi kucheza ngumi za ridhaa na bado pua yake inaonesha. Anaingia Mayweather, nyuma yake Justin Bieber na yule mdoli mfalme wa Burger King. Sijui nani alishauri.

Raundi tatu za kwanza tukasema wanasomana. Raundi ya nne Pacquiao akaachia mkono wa kushoto ukaingia sawasawa, Mayweather akarudi kwenye kamba, Pacquiao akamwagia mvua ya ngumi, aisee kile kibanda nilidhani kinaanguka, mtu nyuma yangu alinishika mabega anaruka na mimi, benchi moja lilivunjika. Mayweather yuko kwenye kamba anatikisa kichwa kwamba hamna kitu. Tukasema unatikisa kichwa eeh, ngoja.

Tukangoja. Ya sita Pacquiao akajaribu tena kidogo. Na baada ya hapo ndugu zangu ikawa ni ileile. Pacquiao anaingia, Mayweather anampa moja ya kunyoosha, anakumbatia, refa Kenny Bayless anawaachanisha, Mayweather anazunguka anaondoka. Anaingia, anapewa moja, anakumbatiwa, wanaachanishwa. Raundi ya tisa watu wa nyuma wakaanza kutoka kwenda kutafuta supu. Raundi ya kumi na mbili, ya mwisho kabisa, pambano la karne, Mayweather anarudi nyuma anacheza na saa, kainua mkono hata kengele haijalia!

Majaji wakatoa 118 kwa 110, 116 kwa 112, 116 kwa 112, wote Mayweather. Ukumbi wa MGM kule Las Vegas ukazomea, kibanda umiza kikazomea. Pacquiao akasema yeye alidhani kashinda. Na mi nilidhani kashinda, ila mi nilikuwa na elfu kumi yangu pale.

Zile hesabu za ngumi zilizotoka baadaye zilinikata maini. Mayweather alifikisha ngumi 148, Pacquiao 81. Themanini na moja kwa raundi 12 ni chini ya ngumi saba kwa kila raundi, kutoka kwa mtu ambaye zamani ngumi saba anaziachia kabla hujafunga mlango.

Nikarudi nyumbani nimenuna. Mama ametoka misa ya pili, ananiuliza, eti padri wa misa ya kwanza kahubiri nini. Nikajibu kwa kujiamini kabisa: mchungaji mwema, mama. Akaniangalia. "Mchungaji mwema ilikuwa Jumapili iliyopita. Leo ni mzabibu na matawi yake." Afu hakuongeza neno lingine siku nzima, ambayo kwa mama yangu ni adhabu kubwa kuliko makofi. Yaani siku moja nimepoteza elfu kumi, sadaka, heshima, na pambano lenyewe.

Kisha likaja la bega. Baada tu ya pambano Pacquiao akasema alipigana ana jeraha la bega la kulia alilolipata mazoezini, na kwamba usiku ule waliomba achomwe sindano ya maumivu, tume ya ngumi ya Nevada ikakataa kwa sababu haikuwa imeambiwa mapema kuhusu jeraha. Siku chache baadaye akafanyiwa upasuaji. Hapo sa mashabiki wa Marekani, ambao wenzetu hawakopeshi kwenda mahakamani, wakafungua kesi, na siyo moja wala mbili, wanadai waliuziwa mbuzi kwenye gunia, kwamba mngetuambia bega bovu tusingelipa. Kesi zikakusanywa pamoja California. Mwaka 2017 jaji akazitupa, 2019 mahakama ya rufaa nayo ikakubaliana naye. Kwa lugha ya mtaani walichosema ni kwamba mlilipa kuona pambano, na pambano mlioneshwa, mabondia walikuwa na leseni, raundi zilipigwa, majaji walikuwepo. Kwamba limekuboa, hiyo siyo kesi.

Nilivyosoma ile hukumu nilikasirika, kisha nikamkumbuka bamdogo.

Maana asubuhi ile wakati sisi wote tunazomea, bamdogo alikuwa anacheka. Siyo kutucheka, anacheka peke yake kama mtu anayeangalia mchezo mzuri. Tunatoka nje namuuliza, bamdogo we umefurahia nini pale? Akasema nimeona mtu anafanya kazi yake. Nikamwambia kazi gani ile ya kukimbia. Akaniuliza swali moja tu ambalo lilinikera sana kwa sababu sikuwa na jibu: nitajie pambano moja la Mayweather la miaka hii ambalo hakupigana hivihivi.

Nikataja la Victor Ortiz. Akasema lile jamaa alikuwa anaomba msamaha mikono iko chini Mayweather akamlaza, hilo ni tukio la wizi siyo ngumi. Nikanyamaza.

Na kweli, ukikaa chini ukafikiria, sisi tulitegemea nini? Mtu ana mapambano 47 hajapigwa hata moja, ana miaka 38, kazi yake maisha yake yote ni kutopigwa, unamlipa mamilioni yake ya dola (na hela ya tiketi za mlangoni peke yake siku ile ilikuwa kama dola milioni 72, bado manunuzi milioni 4.6 ya waliolipia kuona kwenye televisheni) afu unategemea siku hiyo ndo aamue kusimama katikati ya ulingo akubali kuchapwa ili wewe wa kibanda umiza ufurahi? Ashinde au ashindwe hela ileile. Alichobakiza kulinda ni ile sifuri ya kushindwa tu. Na aliilinda.

Miaka kama mitatu iliyopita nililiangalia tena, usiku, nimezima sauti, hamna kelele, hamna elfu kumi. Nawaambieni ukweli ambao najua mtanitukana: siyo pambano baya. Kuna vitu vya miguu pale, jinsi Mayweather anavyomfanya mwenzie asimame sentimita chache mbali na pale anapotaka kusimama, raundi baada ya raundi, kile kitu ni kigumu kuliko kurusha ngumi. Kama lingekuwa pambano la utangulizi, la watu wawili hatuwajui, tungesema yule mweusi fundi sana, tukaendelea na supu zetu. Ubaya wake ulikuwa kwenye ile miaka mitano. Tuliuziwa Pacquiao wa 2009 tukaletewa wa 2015, wa baada ya Marquez, wa bega, na aliyekuwa anajua hilo vizuri kuliko wote ni Floyd. Wengine wanasema alikuwa anamsubiri azeeke. Mi sina ushahidi, ila kama ulikuwa ni mpango ni mpango wa kishetani na ulifanikiwa.

Bamdogo anasema pambano linakuwa zuri pale ambapo angalau mmoja hana pa kurudi. Mfano wake siku zote ni Kinshasa 1974, Muhammad Ali na George Foreman. Nalo lile lilipigiwa ngoma mwezi mzima na zaidi, lilikuwa lipigwe Septemba 25 Foreman akachanika juu ya jicho mazoezini likasogezwa mpaka Oktoba 30, waandishi wamekwama Zaire, mechi yenyewe saa kumi alfajiri, kila dalili ya kuharibika ilikuwepo. Ila Ali alikuwa ameshavuliwa mkanda wake zamani anautaka kwa udi na uvumba, na Foreman alikuwa hajui kitu kinaitwa kusubiri. Raundi ya nane mtu yuko chini. Nikimwambia bamdogo lakini Ali naye alikaa kwenye kamba kama Clottey ananiambia nitoke hapa.

Kuna mengine ya kuvunja moyo, orodha ni ndefu. Duran kugeuka na kukataa kuendelea raundi ya nane na Leonard, New Orleans 1980. Tyson katoka jela 1995 dunia nzima imekaa, Peter McNeeley anadumu sekunde 89, meneja wake anaruka ulingoni, kwisha. David Haye 2011 kaongea miaka miwili kwamba atamfanya Wladimir Klitschko hivi na vile, kafika Hamburg karuka ruka raundi 12 kashindwa, afu kwenye mahojiano kavua kiatu kuonesha kidole chake cha mguu. Kidole cha mguu jamani! Pua ya bamdogo ilivunjwa hajawahi kuionesha kwa mwandishi.

Ila hayo yote nayasoma kama habari za watu. Lililoniuma kama la kwangu ni la Liverpool, Septemba 2022.

Mnakumbuka bondia wetu Hassan Mwakinyo alivyotutoa kimasomaso 2018. Kaitwa Birmingham dakika za mwisho, hamna anayemjua, kwenye mapambano ya utangulizi ya Amir Khan, wamemleta aje apigwe na Sam Eggington aende zake. Raundi ya pili Eggington hoi, refa kamaliza. Hamna mtu nchi nzima aliyeamka kuangalia, tuliiona kwenye vipande vya video kesho yake, na mpaka leo ndo furaha yangu kubwa kwenye ngumi. Mtoto wa Tanga! Sasa kuja kwa Muingereza Liam Smith, kule Liverpool miaka minne baadaye, sisi tulishajipanga. Mitandao imechafuka bendera, watu wana mikeka, mi nimenunua bando la wiki nzima kwa ajili ya usiku mmoja. Raundi ya nne limeisha, TKO (refa kasimamisha), Mwakinyo kapiga goti. Baadaye ikaja stori ya begi kupotea safarini, viatu vya kuazima, enka. Inawezekana kabisa ni kweli, mimi siyo daktari na sikuvaa vile viatu. Ila we fikiria upo na shemeji zako sebuleni, umewatambia wiki nzima, afu unaanza kuwaelezea habari za saizi ya viatu.

Ndo maana watu wakimcheka bondia wetu mwingine, Karim Mandonga, mi huwa namtetea. Mandonga anakupa majina ya ngumi, mara Sugunyo, mara Ndoige, anakuchekesha mwezi mzima, akipigwa anakuchekesha tena. Umelipia kichekesho umepata kichekesho, hamna deni.

Sasa baada ya yote hayo mtu mwenye akili angekuwa ameshaacha. Novemba 16, 2024, Jumamosi asubuhi, nani yuko macho na simu mkononi? Mike Tyson miaka 58, Jake Paul yule wa YouTube 27, uwanja uleule wa Texas alikojifichia Clottey, jina ndo limebadilika. Lilishaahirishwa mara moja toka Julai kwa sababu mzee aliugua vidonda vya tumbo kwenye ndege. Raundi nane tu za dakika mbili mbili, glovu za mito. Kila kitu kiliandikwa wazi mezani na bado nikajiambia, we, ngumi moja tu, huwezi jua. Lile kofi alilompiga Paul kwenye kupima uzito ndo lilinimaliza.

Mama siku hizi yuko kwangu. Akatoka chumbani akakuta nimeunganisha simu kwenye TV, shikamoo mama, marahaba, unaangalia nini asubuhi yote hii. Ngumi. Akavuta kiti. Ilikuwa zamu ya Katie Taylor na Amanda Serrano, na mama yangu ambaye hajawahi kuangalia ngumi maishani mwake akaganda. Wale wadada walipigana kama wanadaiana. Serrano jicho limechanika damu inashuka haoni vizuri na bado anaenda mbele, Taylor anakatwa pointi kwa kichwa, wanarudi tena katikati, mama kasimama anasema mpe huyo wa damu, mpeni huyo wa damu. Majaji wote watatu 95 kwa 94, Taylor. Mama akasema wameiba. Watu karibu wote mtandaoni walisema wameiba. Picha inaganda kila saa kwa sababu mamilioni ya nyumba yako kwenye Netflix kwa wakati mmoja, bando langu linayeyuka kama barafu ya Lamba Lamba, sikujali.

Afu akaingia Tyson.

Raundi ya kwanza alijitahidi. Ya tatu miguu ikakataa, ukawa unaona kichwa kinataka kwenda na miguu inasema tangulia. Anauma glovu yake, anarudi, anauma glovu. Ngumi 18 zilizofika kwa pambano zima. Paul mwenyewe baadaye akakiri kwamba alipunguza kasi kumhurumia, na kabla kengele ya mwisho haijalia akainama kumpa heshima, mtu unampiga huku unamwamkia. Mama aliangalia kimya mpaka raundi ya tano akauliza, "Huyu babu kwao hana watoto wa kumkataza?"

Nikamwambia mama, anao wengi tu.

Bamdogo akanitumia meseji muda uleule: umeamka? Nikajifanya sijaiona.

Na stori za Mayweather na Pacquiao marudiano hazijawahi kuisha, kila baada ya muda zinaibuka, wababa wazima. Nilimwambia mama, nikaona kwa kuwa tunaangalia ngumi pamoja sasa ni bora nimalizie na ile kesi ya 2015, nikamsimulia yote, kibanda, sadaka, elfu kumi ya fundi viatu. Alisikiliza mpaka mwisho bila kubadilika uso.

"Nilijua siku ileile," alisema. "Viatu vilirudi na vumbi la kushoto, njia ya kanisani ina lami." Akainuka kwenda kuangalia maharage yake jikoni, akasema afadhali hili la leo limeangukia Jumamosi.